Bryan na kura ya walokole

Wapo miongoni mwetu waaminio kwamba kura za Wakristo waliookoka ni kundi moja la kondoo, na kwamba amshikaye mchungaji amelipata zizi zima. Kwangu mimi, maisha ya Mmarekani William Jennings Bryan yanatosha kuipinga dhana hiyo.

Bryan alizaliwa mjini Salem, jimbo la Illinois, mwaka wa 1860. Akiwa na umri wa miaka 14 aliokoka katika mkutano wa uamsho wa Wapresbiteri. Alisomea sheria, akahamia Nebraska, na mwaka wa 1890 akachaguliwa kuingia bungeni. Mwaka wa 1896, akiwa na miaka 36 tu, chama cha Democratic kilimteua kugombea urais.

Wakati huo wakulima walikuwa wamelemewa na madeni, kwani pesa zilitegemea dhahabu nazo zilikuwa adimu. Bryan alitaka madini ya fedha nayo yatumike kwa wingi kutengenezea sarafu, na akaitetea hoja hiyo kwa lugha ya Biblia. Alisafiri kwa garimoshi takriban kilomita 29,000 akihutubia umma.

Hata hivyo, alishindwa. Mpinzani wake, William McKinley, alikuwa Mmethodisti mcha Mungu, na Waprotestanti wengi wa Kaskazini walimuunga mkono. Naam, watu waliosoma Biblia moja waligawanywa na bei ya mazao, mishahara ya viwandani na uaminifu kwa vyama vyao. Bryan aligombea tena mwaka wa 1900 na wa 1908, asifue dafu.

Lakini mengi aliyoyapigania yalikuja kuingizwa katika katiba: kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi mwaka wa 1913, marufuku ya pombe mwaka wa 1919, na haki ya wanawake kupiga kura mwaka wa 1920.

Doa nalo halikukosa. Mwaka wa 1924, mkutano mkuu wa chama ulipojadili kulilaani kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan kwa jina, Bryan alipinga, akihofia chama kugawanyika. Kundi hilo lilikuwa na wafuasi tele waliojihesabu kuwa Wakristo wema. Mtetezi wa wanyonge alitanguliza umoja wa chama, wanyonge wakafuata nyuma. Mwaka uliofuata alishiriki katika kumshtaki mwalimu mmoja mjini Dayton, Tennessee, kwa kufunza nadharia ya mageuko. Alifariki huko tarehe 26 Julai, siku 5 baada ya kesi kumalizika.

Sisi Wakenya, ambao tumezoea kuwaona wanasiasa wakipewa mimbari siku ya Jumapili, hatuna budi kuuliza mengi zaidi ya iwapo mgombea ameokoka. Tuulize imani yake imemtuma kumtetea mnyonge gani, na ni dhuluma ipi aliyokubali kuinyamazia ili asipoteze kura.