Alice Ball na jina lililofutwa

Sisi wa fakulte ya lugha tunajua kwamba anayekipa kitu jina ndiye anayeamua nani akumbukwe. Mfano ulionifundisha hayo vizuri nimeupata katika kemia ya mimea ya dawa: ni maisha ya Alice Augusta Ball.

Alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1892, katika jamaa ya watu weusi. Alisomea kemia ya dawa na ufamasia katika Chuo Kikuu cha Washington, kisha akaenda Hawaii. Memwari yake ilichunguza kemia ya kava, mmea ambao wenyeji wa visiwa vya Pasifiki hutengeneza kinywaji kwa mizizi yake. Mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na mtu mweusi wa kwanza, kupata shahada ya uzamili katika chuo cha Hawaii, akabaki hapo kufundisha.

Kazi hiyo ilimvutia daktari Harry Hollmann wa hospitali ya Kalihi, Honolulu. Siku hizo mwenye ukoma alitengwa kwa nguvu ya sheria. Wengi walipelekwa Kalaupapa, kisiwani Molokai, mbali na watoto wao. Dawa iliyotumainiwa ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra, yaliyotumika Asia tangu zamani. Yakinywewa, yalitapisha. Yakidungwa, yalikuwa mazito mno, yakabaki chini ya ngozi na kuleta vivimbe. Alice alitenganisha asidi za mafuta hayo, akazigeuza kuwa esta za ethili: kimiminika chepesi kinachopita kwenye sindano na kupokelewa na mwili. Alikuwa na miaka 23.

Akaugua, akafariki tarehe 31 Desemba 1916, kabla ya kuchapisha matokeo yake. Rais wa chuo, Arthur Dean, naye mkemia, aliendeleza kazi hiyo na kuichapisha bila kumtaja. Dawa ikatengenezwa kwa wingi, wagonjwa 78 wa Kalihi wakaruhusiwa kurudi nyumbani, na watu wakaiita njia ya Dean. Iliendelea kutumika mpaka dawa za salfoni zilipofika katika miaka ya 1940.

Mwaka 1922 Hollmann aliandika makala, na humo akaiita njia ya Ball. Wachache walimsikiliza. Lakini maandishi yalibaki, na katika miaka ya 1970 watafiti wa Hawaii walipofukua nyaraka, walimkuta Alice. Mwaka 2000 chuo kiliweka kibao cha kumbukumbu yake kwenye mti wa chaulmoogra.

Mimi namwona Hollmann kama shahidi: marehemu hawezi kudai haki yake, akamdaia yeye. Kati yetu wapo wanaoandika memwari na wapo wanaoziongoza. Kazi ya mwanafunzi ikiingia katika makala ya mwalimu, jina lake liandikwe humo, angali hai na analisoma mwenyewe.