Askofu Colenso na Swali la Gharika

John William Colenso alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na vitabu vyake vilitumika sana mashuleni. Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Natal, Afrika Kusini. Huko alijifunza Kizulu, akatunga kamusi, akatafsiri Maandiko akisaidiwa na Mzulu, William Ngidi.

Walipofika habari za Nuhu, Ngidi alimwuliza kama ni kweli wanyama wote wa dunia waliingia safinani. Askofu alikwisha kusoma elimu ya miamba, naye alijua kwamba gharika haikuifunika dunia nzima. Angeweza kumnyamazisha. Lakini dhamiri ilimkataza kusema uongo kwa jina la Bwana.

Tangu mwaka 1862 akatoa vitabu juu ya mambo hayo. Waumini wengi waliumia. Mwaka 1863 Askofu Gray wa Cape Town alimhukumu kuwa mzushi. Mwaka 1865 baraza la Malkia, London, likaitangua hukumu hiyo, ila Kanisa la Natal likabaki limegawanyika. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu, maana aliwatetea mpaka alipofariki mwaka 1883.

Sisi tuliokuwa walimu tuliulizwa swali lile lile darasani, tukamwambia mtoto akae chini. Labda Colenso alikosa upole kwa wale ambao hawakumwuliza. Aliyemwuliza, lakini, alimjibu. Wapendwa, mtoto akituuliza, tumjibu kweli, kwa upendo.