Munganga Irving Selikoff: kutoka dawa ya kifua kikuu hadi vumbi ya asbesto

Mgonjwa wa kifua kikuu anayepokea dawa zake leo kwenye kituo cha afya, iwe Bukavu, Goma, Bunia ao Kalemie, anameza kila siku dawa inayoitwa isoniazidi. Imechanganywa na dawa zingine ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo wengi hawajui hata jina lake. Irving Selikoff wa New York, mmoja wa madaktari wa kwanza kuijaribu kwa wagonjwa, angeweza kubaki na sifa hiyo moja na ingetosha. Lakini dunia inamkumbuka zaidi kwa jambo lingine. Ni yeye njo alionyesha, kwa hesabu ya wafu mmoja baada ya mwingine, kwamba asbesto iliyojazwa ndani ya majengo inaua wale wanaoishika.

Alizaliwa Brooklyn, ndani ya mji wa New York, tarehe 15 Januari 1915, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi. Alimaliza chuo kikuu cha Columbia mwaka 1935. Wakati ule shule nyingi za udaktari za Marekani zilikuwa zinapunguza hesabu ya wanafunzi Wayahudi, na vijana wengi wa namna yake walivuka bahari kwenda kusoma Uskoti. Yeye pia akaenda. Vita ya pili ya dunia ikakatiza masomo, akafika hadi Australia, akarudi Marekani, na karatasi zake za udaktari akazipata kwa njia ya mzunguko. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyejali jambo hilo. Ni baadaye, wakati alipokuwa ameharibia watu biashara, ndipo wapinzani wake walienda kuchimba habari za diploma yake. Hesabu zake hazikubadilika kwa sababu ya hiyo.

Mwaka 1952 alikuwa anafanya kazi katika lopitali ya Sea View, kwenye kisiwa cha Staten, pamoja na mwenzake Edward Robitzek. Lopitali hiyo ilijaa watu wa kifua kikuu, wengi wao wakiwa wamekatiwa tamaa. Walipoanza kupewa dawa mpya, watu waliokuwa mifupa mitupu wakaanza kuomba chakula mara mbili, wakaongeza kilo, wakaamka kitandani. Magazeti yalitoa picha za wagonjwa wakicheza muziki ndani ya lopitali. Mwaka 1955 kazi hiyo ikamletea zawadi ya Lasker, moja ya zawadi kubwa za udaktari katika Marekani.

Wakati huo huo alikuwa amefungua kliniki katika Paterson, mji wa viwanda kule New Jersey. Kwake walianza kuja wafanyakazi wa kiwanda kimoja, watu 17. Kiwanda chao kilikuwa kinatengeneza vifuniko vya asbesto vya kufunga mabomba ya meli za vita. Selikoff alikuwa munganga wa mapafu, aliyezoea kusoma radio za kifua, na mapafu ya watu hawa hayakufanana na mapafu ya kifua kikuu. Yalikuwa yamejaa makovu. Miaka ikapita, wakaanza kufa mmoja mmoja, na wengine walikufa kwa kansa.

Hapa inafaa kueleza asbesto ni nini. Ni jiwe linalochimbwa mgodini, lakini ukilisugua linaachana kuwa nyuzi, kama pamba. Haliungui, haliozi, na bei yake ilikuwa chini. Kwa sababu hiyo lilitiwa kila pahali: kuzunguka mabomba ya maji ya moto, juu ya vyuma vya majumba marefu, ndani ya plafoni, chini ya sakafu, na ndani ya simenti ya kutengeneza mabati. Yale manjanja ya kijivu ya zamani, mazito, yanayovunjika kama kigae, watu wa Kongo wanayaita eterniti, kwa jina la kampuni ya Ubelgiji. Kipande kizima kilichotulia hakina shida kubwa. Shida ni vumbi yake, wakati mtu anaikata, anaitoboa, anaipiga nyundo ao anaifagia. Nyuzi zenyewe ni nyembamba sana, jicho haliwezi kuziona, zinapita puani hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki mule. Na ugonjwa hauji kesho. Unakuja baada ya miaka 20, 30, hata 40.

Muda huo mrefu njo ulikuwa umewasaidia wenye viwanda. Mtu anaanza kazi akiwa kijana, anaacha, anahama, anazeeka, anakufa katika mji mwingine, na katika vitabu vya kiwanda hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikufa na nini. Ukimuuliza mkubwa wa kiwanda, atakuonyesha vijana wenye nguvu walio kazini leo. Selikoff alielewa kwamba akihesabu wale walio kazini tu, hataona kitu. Alihitaji majina ya wote walioingia zamani, walio hai na waliokufa.

Majina hayo aliyapata kwa sendika. Mafundi wa kufunika mabomba na majiko ya moto katika New York na New Jersey walikuwa na sendika yao, na vitabu vyake vilionyesha kila mtu aliingia lini. Hawa hawakuwa watu wa kiwandani. Walikuwa watu wa shantie, wanaojenga shule, lopitali, ofisi na nyumba za kupanga, wanaokata asbesto kwa msumeno mahali pale pale pa kazi. Selikoff, pamoja na Jacob Churg na Cuyler Hammond, alichukua watu 632 walioingia kazini kabla ya 1943, akawafuatilia hadi mwisho wa 1962. Kwa kawaida ya wanaume wa umri wao, wangepaswa kufa wachache zaidi. Walikufa 255. Kwa kansa ya mapafu na ngozi ya mapafu, wangepaswa kufa 6 ao 7. Walikufa 45.

Hesabu hizo zilitoka mwaka 1964. Mwaka uliofuata akaleta zingine: kati ya mafundi 392 waliokuwa wamepitisha zaidi ya miaka 20 tangu waanze kazi, 339 walionekana na makovu ya asbesto kwenye radio. Karibu wote.

Kusema kweli, hakuwa wa kwanza kushuku. Waingereza walikuwa wameweka sheria za vumbi katika viwanda vya asbesto tangu miaka ya 1930. Na hapa Afrika, mwaka 1960, madaktari wa Afrika Kusini wakiongozwa na Chris Wagner walieleza wagonjwa 33 wa kansa ya ngozi ya mapafu, karibu wote kutoka eneo la migodi ya asbesto ya bluu, na wengine kati yao hawakuwahi kushika kazi ya mgodi, waliishi karibu tu. Lakini fundi wa jengo alikuwa bado anaambiwa kwamba vumbi yake ni kidogo, haina neno. Selikoff njo alifunga mlango huo.

Hawakufurahi. Mwaka ule ule wa 1964, wakati alipoitisha mkutano mkubwa wa wataalamu pale New York, wanasheria wa chama cha viwanda vya asbesto waliandika barua ya kuonya juu ya madhara ambayo mazungumzo hayo yangeletea biashara. Aliendelea. Baadaye, katika miaka ya 1970, barua za zamani za wakubwa wa viwanda zilitokea mahakamani, na zikaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 walikuwa wanaandikiana kuhusu ugonjwa huo na namna ya kutouzungumzia sana. Wafanyakazi wenyewe hawakuambiwa.

Kutoka watu 632, Selikoff alipanua hesabu hadi mafundi 17,800 wa Marekani na Kanada, waliofuatiliwa tangu 1967. Alionyesha pia kwamba asbesto na sigara zikikutana ndani ya mtu mmoja, hatari ya kansa ya mapafu inapanda mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Katika mikutano ya sendika hilo alilisema bila kuchoka: vumbi iliyokwisha kuingia haitoki, lakini sigara mtu anaweza kuiacha.

Kisha swali likahama kutoka kwa fundi kwenda kwa jengo lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vyuma vya majumba marefu vilikuwa vinapuliziwa asbesto yenye maji kwa mpira, ili visiyeyuke wakati wa moto. Hata mnara wa kwanza kati ya minara miwili ya World Trade Center ulianza kujengwa hivyo. Vipande vilikuwa vinaanguka kama pamba hadi barabarani, juu ya watu wanaopita. Selikoff na timu yake ya lopitali ya Mount Sinai walikwenda kupima, wakapiga kelele. Mwaka 1970 wajenzi wa minara hiyo waliacha dawa hiyo ya asbesto wakiwa wamefika karibu orofa ya 40 ya mnara wa kwanza. Mwaka 1971 mji wa New York ukaipiga marufuku, na 1973 serikali ya Marekani ikafanya vile vile kwa inchi nzima.

Lakini ile iliyokwisha kupuliziwa ilibaki juu ya vichwa vya watu, na hasa vya watoto. Katika miaka ya 1970 timu ya Mount Sinai ilikagua shule za New Jersey ambazo plafoni zao zilikuwa zinadondoka. Kazi ya namna hiyo inataka subira. Kwa macho tu hakuna mtu anayeweza kusema hii ni asbesto na hii siyo. Mkaguzi anapita chumba kwa chumba, anaandika kila kitu kinachoshukiwa na kama kimevunjika ao kizima. Analowesha mahali kwa maji ili vumbi isiruke, anakata kipande kidogo, anakifunga ndani ya mifuko miwili, anakiandika namba, anaziba tundu aliloacha. Labo inakitazama kwa mikroskopi ya mwanga maalum, ambayo inaonyesha rangi na umbo la kila aina ya uzi. Hewa nayo inavutwa na pampu kupitia chujio, na nyuzi zinahesabiwa.

Mwaka 1986 sheria ya Marekani ililazimisha shule zote kukaguliwa na watu waliosomea kazi hiyo, na kukaguliwa upya kila miaka mitatu. Selikoff alikuwa na miaka 71, na hakuacha. Pamoja na mwenzake Stephen Levin alichunguza walinzi na wafagiaji wa shule za New York, watu ambao hawakuwahi kuwa mafundi wa asbesto. Walibadilisha taa, walifagia kilichoanguka, walikarabati bomba. Kwa wale waliokaa miaka mingi, mapafu yalianza kuonyesha makovu yale yale.

Mwaka 1991 mahakama ya Marekani ilivunja amri ya serikali iliyotaka kukataza karibu bidhaa zote za asbesto. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Mei 1992, Selikoff akafariki kule New Jersey, akiwa na miaka 77. Aina ya asbesto iliyokuwa bado inaingizwa katika inchi yake ilikatazwa mwaka 2024 tu.

Tarehe 11 Septemba 2001 minara ya World Trade Center ilianguka, na asbesto ya orofa zile za chini ikatoka pamoja na vumbi yote ya simenti na vioo. Wazimamoto, polisi na wafanyakazi wa kubeba vifusi walianza kukohoa. Wengi wa wafanyakazi hao walienda kupimwa Mount Sinai, katika kliniki yenye jina la Selikoff. Munganga aliyewapokea alikuwa Stephen Levin.