Justin Morrill: Mtoto wa Mhunzi na Hesabu ya Ekari 30,000

Cornell na MIT vyote vilikula mfuko ulioanzishwa na muuza duka ambaye hakuwahi kusoma chuo. Justin Smith Morrill alizaliwa tarehe 14 Aprili 1810 Strafford, kijiji cha Vermont, Marekani, baba yake akiwa mhunzi. Akiwa na miaka 15 aliacha shule kwa sababu nyumbani hakukuwa na hela, akaenda kuuza duka. Biashara ikamkubali. Kabla ya miaka 40 alikuwa na uwezo wa kustaafu (ndiyo, wapo watu hao), na mwaka 1854 akachaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka 1857 alipeleka muswada: serikali kuu iyape majimbo ardhi, yaiuze, fedha ziwekezwe, na faida iendeshe vyuo vya kilimo na ufundi. Rais Buchanan akaukataa mwaka 1859. Vita ilipozuka wabunge wa kusini wakaondoka, Morrill akaurudisha, na Lincoln akausaini tarehe 2 Julai 1862.

Sasa angalia mgawo wenyewe. Ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge, basi. New York ilikuwa nao 33, ikapata ekari 990,000. Rhode Island 4, ikapata 120,000. Hesabu hiyo unaipiga kwenye kona ya daftari, bila kamati wala barua ya kuomba. Mtaji ukipotea, jimbo linaufidia. Na kila mwaka chuo kinatoa ripoti.

Ila ukiuliza ardhi ilitoka wapi, uwazi unaishia hapo. Nyingi ilichukuliwa kwa wenyeji wa bara lile, kwa mikataba ya kulazimishwa au kwa nguvu, na wao hawakuwekwa popote kwenye mgawo. Halafu ikaja kuuza. Rhode Island iliachia hati zake zote kwa dola 50,000 hivi, yaani kama senti 42 kwa ekari. Kule New York, Ezra Cornell alishikilia hati, akachagua misitu ya miti ya mbao Wisconsin na kusubiri bei ipande. Chuo kikaja kuvuna zaidi ya dola milioni 5. Sheria ni ileile moja.

Mwaka 1890 Morrill, sasa seneta wa miaka 80, alipitisha sheria ya pili: kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka, zikipanda taratibu hadi 25,000. Chuo kinachobagua weusi kisipate kitu, isipokuwa jimbo liwe na chuo chao na kuwagawia kwa haki. Kwa haki kiasi gani? Safari hii hakuandika namba. Bunge la jimbo, lilelile lililokuwa linabagua, ndilo lililopewa kazi ya kupendekeza mgawo.

Alifariki Washington tarehe 28 Desemba 1898, bado akiwa seneta. Mwaka 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16: kwa miaka kama 30, vyuo vya weusi vya sheria ile ya 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 na majimbo yao, ukivilinganisha na vile vya 1862. Chuo cha Tennessee State peke yake, dola bilioni 2.1.