Daktari Albert Cook na madaftari ya Mengo: kwa nini maelezo yako ni sehemu ya upasuaji

Mama, ukiambiwa kwamba wewe au mtoto wako atafanyiwa upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, huenda ukafarijika kwamba kidonda kitakuwa kidogo. Ni kweli. Lakini usalama wa upasuaji hautegemei ukubwa wa kidonda peke yake. Unategemea pia unachomweleza daktari kabla, na unachokiona nyumbani baadaye. Maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria yanalionyesha hilo vizuri.

Alikuwa nani?

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870. Mwaka 1896, akiwa daktari kijana, alisafiri na kundi la wamisionari kuja Uganda. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa, kwa hiyo walitembea kwa miguu hadi Mengo, Kampala ya leo, wakafika Februari 1897. Mwaka huohuo alianzisha Hospitali ya Mengo. Katika msafara huo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, na mwaka 1900 walioana. Ndugu yake Jack, ambaye pia alikuwa daktari, alikuja kufanya kazi naye.

Mwaka 1902 radi iliichoma hospitali. Waliijenga upya, ikafunguliwa mwaka 1904. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Cook na mkewe walianzisha mafunzo ya wakunga. Aliandika pia kitabu cha maneno ya kitabibu kwa Kiganda, ili daktari na mgonjwa waelewane. Alifariki Kampala mwaka 1951.

Madaftari yake

Tangu mwanzo, Cook aliandika habari za wagonjwa waliolazwa: walitoka wapi, waliugua nini, walitibiwaje na waliishiaje. Waliopona waliandikwa, na waliokufa pia. Madaftari hayo yalitunzwa. Mwaka 1964 watafiti walichapisha uchunguzi wa saratani uliotokana na kumbukumbu za Mengo za mwaka 1897 hadi 1956. Humo zilionekana dalili za saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Kumbe ilikuwepo miongo mingi kabla haijapata jina.

Hili linakuhusu vipi leo?

Cook hakuwa na kamera ya kuingiza tumboni. Leo hospitali kubwa za rufaa nchini zinafanya upasuaji wa matundu. Tumbo hujazwa hewa maalumu, kisha kamera na vifaa vyembamba huingizwa kupitia matundu madogo. Kwa kawaida maumivu huwa machache na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, ndani panaweza kutokea damu kuvuja, maambukizi, au utumbo, kibofu au mshipa kujeruhiwa. Mara nyingine daktari hulazimika kulifungua tumbo kwa njia ya kawaida. Huko si kushindwa. Mara nyingi ndiyo njia salama zaidi.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari kama mgonjwa:

- amewahi kupasuliwa tumbo, hata kwa kujifungua, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umeshikamana na kovu la ndani;
- ana kisukari, shinikizo la damu, pumu au upungufu wa damu;
- ni mjamzito, au huenda ni mjamzito;
- anavuta sigara, au anatumia dawa yoyote, zikiwemo za kienyeji;
- ameumwa kwa siku ngapi, kwani kidole tumbo kilichokwisha kupasuka huongeza hatari.

Usifiche kitu kwa kuona aibu. Daktari hawezi kujiandaa kwa jambo asilolijua.

Mkisharudi nyumbani

Maumivu kidogo ya bega kwa siku moja au mbili ni ya kawaida, na husababishwa na ile hewa. Maumivu ya tumbo yanatakiwa kupungua kila siku. Rudi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- homa au kutetemeka;
- maumivu ya tumbo yanayozidi, au tumbo kuvimba na kuwa gumu;
- kutapika mfululizo, au kushindwa kutoa hewa na choo;
- usaha au damu kwenye kidonda;
- kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba.

Utumbo uliojeruhiwa unaweza kuonyesha dalili baada ya siku kadhaa, wakati kidonda cha nje kinaonekana kizuri. Kama unaishi kisiwani Ukerewe au mbali na mji, kabla ya kuruhusiwa muulize daktari urudi wapi ukipata tatizo, na upange usafiri mapema.

Omba karatasi inayoeleza upasuaji uliofanyika na uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Kila siku andika hali ya mgonjwa: joto la mwili, maumivu, chakula, choo. Ukirudi hospitali, mkabidhi daktari maandishi hayo.