Okot p'Bitek, msomaji aliyebishana na vitabu

Wengi wanamjua Okot p'Bitek kwa kitabu kimoja, kile cha malalamiko ya Lawino, mke wa Kiacholi aliyedharauliwa na mumewe msomi. Ni haki yake kujulikana hivyo. Lakini kuna Okot mwingine anayesahauliwa, na ndiye nimtakaye leo: Okot msomaji, aliyechukua vitabu vya maprofesa wa Ulaya na wa Afrika pia, akavihakiki mstari kwa mstari kama karani anayekagua hesabu za duka.

Nawaletea habari zake kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara nyingi na wasomaji wa safu hii. Hapa twazungumzia vitabu vya kila aina, riwaya na tarehe, mashairi na siasa, na watu huuliza: mimi mtu wa kawaida nitamkosoaje mwandishi mwenye shahada tatu? Jawabu nzuri kuliko zote nizijuazo imo katika maisha ya bwana huyu. Na tena aliishi Kisumu, mji ambao mimi mtoto wa Pwani nimeufanya makazi, huku Migosi.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Babake alikuwa mwalimu. Mamake alikuwa mwimbaji na mtungaji wa nyimbo za Kiacholi, na kila aliyeandika habari za Okot amesema kwamba ushairi aliupata kwa mama. Alisoma huko huko Gulu, kisha King's College Budo. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, alitoa riwaya kwa Kiacholi, *Lak Tar*, habari ya kijana asiye na mahari anayekwenda kutafuta pesa Kampala na mwisho akarudi mikono mitupu. Angalieni alikoanzia: kwa lugha ya nyumbani, juu ya shida ambayo kila jirani yake aliijua.

Uingereza alifika kwa njia ya mpira. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru huko, naye alikuwa mchezaji. Wenzake waliporudi yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Imani ya Kikristo aliyolelewa nayo ikamtoka katika miaka hiyo.

Oxford ndiko alikopata ugomvi wa maisha yake. Aliingia darasani akawakuta walimu wakiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, tena bila hasira, kama vile mtu anavyotaja rangi ya ng'ombe. Akapinga, na hakuna kilichobadilika. Mwingine angeondoka, au angenyamaza akingojea cheti. Okot alikaa akasoma vitabu vyao vyote, na mwaka 1970 akatoa chake, *African Religions in Western Scholarship*. Ni kitabu kidogo kwa unene. Kwa hakika ni uhakiki wa maktaba nzima.

Humo mna kisa ambacho naomba nikisimulie kwa kirefu. Mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakataka kujua ni nani aliyewaumba. Lugha ile haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, kwa hiyo swali likawafikia wazee kama kuulizwa ni nani aliyewafinyanga, kama chungu. Wazee wakashangaa. Watu huzaliwa na mama zao, nani anafinyangwa? Mapadri wakashikilia: lazima yuko. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaomkunja akawa na kibyongo, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Basi akalitoa jina hilo. Mapadri wakafurahi, wakaenda kuhubiri kwamba Rubanga ndiye Mungu, muumba wa mbingu na ardhi. Yaani pepo wa kuvunja migongo ya watu akapandishwa mimbarini, na vitabu vikaandikwa juu ya msingi huo.

Okot hakuhitaji nadharia kubwa kulitambua kosa lile. Alihitaji kujua Kiacholi na kuwauliza wenyewe.

Sisi Waislamu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1923 Canon Godfrey Dale, mmishenari wa Zanzibar, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Mwaka 1953 ikaja ya Maahmadiyya. Masheikh wetu hawakuridhika na yoyote katika hizo mbili, na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatimiza yake, *Qurani Takatifu*, ambayo nyumba nyingi za Mombasa na Lamu bado inakaa juu ya kabati. Ukiisoma dibaji na maelezo yake utaona ni mtu anayejibu vitabu kwa kitabu. Farsy na Okot wangegombana vikali kwa itikadi, lakini kazi waliyoifanya miaka ile ile ilikuwa ya ukoo mmoja.

Nirudi nyuma kidogo. Okot alirejea Uganda katika miaka ya sitini, na mwaka 1966 *Song of Lawino* ikachapishwa Nairobi. Akapewa kuongoza jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala. Hakudumu. Aligongana na wakubwa wa serikali ya Milton Obote, kazi ikamponyoka, naye akavuka mpaka. Kisumu ikampokea. Alifanya kazi katika idara ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyofundisha watu wazima nje ya chuo, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa hapa mjini, ngoma na nyimbo na maigizo ya watu wa eneo hili. Mwaka huo huo kule Nairobi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wakidai idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Okot alikuwa upande wao, na alizidi: kwake wimbo usioandikwa ni fasihi sawasawa na riwaya ya London. Mtu wa Pwani aliyekulia kwenye tenzi na maulidi hawezi kuona ajabu hapo.

Kisumu kulimfaa kwa sababu ya lugha. Kiacholi na Kijaluo ni ndugu wa karibu, na hilo nimelishuhudia hapa Migosi. Nina jirani, mwalimu mstaafu ambaye sote mtaani twamwita Japuonj. Nilimpa *Wer pa Lawino*, ile ya Kiacholi iliyotoka 1969. Maneno mengine yalimshinda, mengine aliyakisia, lakini alicheka mahali ambapo mimi na nakala yangu ya Kiingereza tulikuwa tumepita kimya. Alinieleza kwamba kwao neno la mke mwenza na neno la wivu limetoka shina moja, na kwamba kijijini kwao wanawake walikuwa wakiimba juu ya wake wenza huku wanasaga nafaka. Nikamwambia Japuonj, basi hizi ni mipasho! Nikamweleza habari za lelemama na taarabu, na jinsi mwanamke wa Mombasa anavyoweza kumvua nguo mwenzake kwa wimbo bila kumtaja jina. Tangu hapo nasoma kitabu kile kwa sikio jingine.

Taban, ambaye Kiacholi anakijua, alisema wazi kuwa Kiingereza cha Okot kimepoteza mengi ya asili, na mwaka 2001 akatoa tafsiri yake mwenyewe. Kwa Kiswahili tunayo ya Paul Sozigwa. Vitabu vya Okot navyo, basi, vimehakikiwa kwa kipimo chake.

Nami nina langu. Naona alimwonea John Mbiti. Aliwashutumu Mbiti na wenzake kwamba wanaivisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki, wanaipa sifa za kujua yote na kuweza yote ili Mzungu aheshimu. Kwa Waacholi huenda alisema kweli, ni watu wake. Lakini Afrika si Gulu. Wako watu walioamini Mungu mmoja mkuu kabla ya padri na kabla ya sheikh, na Okot, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuamini, alikuwa mwepesi mno kudhani kwamba kila anayemtaja ameiga. Hapo alifanya kosa lile lile aliloliona kwa mapadri: aliwasemea watu ambao hakuwauliza.

Kutoka Kisumu alihamia chuo kikuu Nairobi, akafundisha huko miaka ya sabini. Mwaka 1971 alitoa *Song of Malaya*, jina alilolichukua kwetu bila kulitafsiri, na nafikiri alijua hakuna la Kiingereza lenye ukali ule. Makala zake fupi zilikusanywa mwaka 1973 kwa dibaji ya Ngũgĩ. Mwaka 1974 alichapisha nyimbo za Waacholi alizozikusanya, Kiacholi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ili anayetaka kumsahihisha aweze. Mimi hukithamini kitabu hicho kuliko vingi. Mhakiki anayeacha mlango wazi kwa mhakiki mwenzake ni nadra. Huku kwetu kitabu kikizinduliwa ukumbini, kazi ya mgeni rasmi ni kusifu, na mwenye swali huonekana ana husuda.

Amin alipoondoka Okot alirudi Uganda. Alifariki Kampala Julai 1982, miaka 51, akiwa mwalimu Makerere.

Mbiti alimwishi sana, hadi 2019, na kitabu chake bado kinasomeshwa. Cha Okot kupatikana ni kazi. Changu nilikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu hapa Kisumu, jalada limechakaa, na pembezoni mna maandishi ya penseli ya mwenyewe wa kwanza, ambaye inaonekana alibishana naye karibu kila ukurasa.