Mswaki, sumu na mpira: maisha ya John Kirk

Mtaje John Kirk mbele ya mtu yeyote aliyesoma historia sekondari, atakujibu haraka: si yule balozi Mwingereza wa Zanzibar, mkataba wa 1873, kufungwa kwa soko la watumwa? Maksi zote anapata. Sasa mtaje mbele ya mwanafunzi wa kemia au famasia uone. Atakuangalia tu. Kwa bahati mbaya, nusu hiyo ya Kirk isiyoulizwa kwenye mtihani ndiyo inayotuhusu zaidi, hasa sisi tunaotoka Marambo, Nachingwea na Ruangwa.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, Uskoti, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh na kumaliza mwaka 1854, lakini tangu ujana moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Baada ya kuhudumu katika hospitali ya majeruhi wa Vita vya Crimea huko Uturuki, alichukuliwa mwaka 1858 kwenye msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Alikuwa na kazi mbili: kutibu watu, na kutafuta mimea ya Afrika inayoweza kuwa na faida.

Msafara ule haukuwa lelemama. Homa zilipiga, viongozi wakagombana, na mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Yeye aliponea chupuchupu, ila daftari zake za mimea na michoro vilikwenda na maji. Aliyewahi kupoteza flashi yenye tasnifu wiki ya kukabidhi anaelewa. Kirk alianza upya.

Katika bonde la Zambezi na mto Shire aliona wawindaji wakipaka mishale sumu waliyoiita kombe. Mnyama akichomwa hakwenda mbali. Kirk alitaka kujua sumu yenyewe inatoka wapi, akaufuatilia mmea na kukusanya vielelezo vya kupeleka Uingereza. Hapo ndipo ikatokea ile ajali ya mswaki. Alikuwa ameuweka pamoja na sumu ile, chembe zikaugusa. Alipopiga mswaki alisikia uchungu usio wa kawaida, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Mtu mwingine angetema na kukimbia. Yeye kama daktari alishika mkono wake, akahesabu mapigo. Akatambua kwamba kitu hiki kinagusa moyo moja kwa moja.

Mmea ule ukaja kuitwa Strophanthus kombe. Huko Edinburgh mwanasayansi Thomas Fraser aliushughulikia kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba sumu inafanya kazi kwenye msuli wa moyo wenyewe, akachuja kiini chake, strofanthini, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake jinsi ya kukitumia kama dawa kwa moyo uliochoka. Strofanthini ni glikosaidi, yaani molekuli ya sukari iliyoshikamana na sehemu nyingine isiyo sukari. Siku hizi tunajua inavyofanya kazi: inaziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye ukuta wa seli. Pampu ikizibwa, kalisiamu inaongezeka ndani ya seli ya moyo, na msuli unabana kwa nguvu zaidi. Kiasi kidogo kinamsaidia mgonjwa. Ukizidisha kidogo tu, moyo unasimama, na hicho ndicho alichotaka mwindaji. Mdenmaki Jens Christian Skou alipoitambua pampu hiyo mwaka 1957, uabaini, ndugu wa karibu wa strofanthini anayetoka pia kwenye sumu za mishale za Afrika, ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosaidia kuthibitisha. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Sasa pima umbali kutoka ncha ya mshale hadi Nobel.

Turudi kwa Kirk. Mwaka 1862 yeye na Livingstone walipandisha mto Ruvuma kwa mashua, kiasi cha kilomita 250, mpaka miamba ikawazuia. Ni mto huu huu wa mpakani, kusini mwa Masasi na Nachingwea. Mwaka uliofuata alirudi kwao akiwa hoi. Lakini mwaka 1866 alipata kazi Zanzibar, kwanza kama daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza, halafu akapanda cheo mpaka kuwa balozi mkuu. Huko Mbweni, nje kidogo ya mji, alikuwa na nyumba na bustani ya majaribio ya mimea. Mchana alishughulika na siasa za Sultani Barghash, na wakati huohuo alikuwa akituma mbegu, majani na barua kwenye bustani ya Kew, London.

Humo ndimo ilimo hadithi ya mpira. Goodyear alishagundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa haunati kwenye joto wala haukauki kwenye baridi, na viwanda vya Ulaya vikawa vinautaka usiku na mchana. Kirk akaitambulisha kwa wanasayansi mimea ya kutambaa ya bara letu inayotoa utomvu mzuri wa mpira. Mmoja wa mimea hiyo unaitwa kwa jina lake, Landolphia kirkii. Uko katika familia moja na mabungo tunayokunywa juisi yake, na, usishangae, familia hiyohiyo ndiyo ya mmea wa sumu ya kombe. Utomvu mweupe ule ni matone madogo ya mpira yanayoelea ndani ya maji. Wachumaji walikuwa na njia ya kuyagandisha yakashikana, wakayaviringisha kuwa mipira ya kubebeka hadi pwani. Hakuna aliyewafundisha neno polima. Mikono yao ilijua.

Kwa Kirk mpira ulikuwa pia suala la siasa. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 Sultani akakataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Njia za Kilwa zilikuwa zikiwapitisha watu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na nchi yetu ya kusini ilijua maumivu hayo. Kirk aliamini kwamba bidhaa halali ikilipa, biashara ya watu itakosa hewa. Miongo ya mwisho ya karne ile, mpira wa pori kutoka bara la Kilwa na Lindi, wakiwemo Wamwera, ukawa bidhaa kubwa kweli. Lakini soko lilikuwa na tamaa yake. Mimea ilikatwa ovyo, na faida kubwa haikubaki kijijini.

Wajerumani walipokuja mwaka 1885 kudai bara, Kirk aliamriwa na serikali yake asimsaidie Sultani aliyemwamini kwa miaka mingi. Alitii. Mwaka uliofuata akaondoka Zanzibar, na hilo limebaki doa ambalo wanahistoria wanalijadili mpaka leo. Mwaka 1887 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na miaka 89. Kima punju wa Zanzibar na digidigi wa nyika wanabeba jina lake kwenye vitabu vya sayansi.

Kwa nini basi kemia imemsahau? Kwa sababu hakuwa mtu wa maabara. Yeye aliona, akauliza, akakusanya, akatuma. Aliyechuja na kupima ndiye aliyeandikwa. Lakini tukimwonea huruma Kirk, tushuke ngazi moja zaidi. Nyuma yake yupo mwindaji aliyejua mmea, sehemu ya kutumia na namna ya kuandaa. Neno kombe limeingia kwenye jina la kisayansi. Jina la mwindaji halikuingia popote. Kirk amesahauliwa na vitabu vya kemia, mwindaji amesahauliwa na Kirk pamoja na vitabu.

Hata hivyo Kirk alianza kwa kuwaangalia wenyeji, na si wote waliokuja kusini walifanya hivyo. Mwaka 1947 Waingereza waliuleta mradi wa karanga. Nachingwea ilikuwa kituo kimojawapo, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalitangulia, upimaji wa udongo na mvua ukafuata nyuma. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Mashine hazikuuliza mtu.

Leo Ruangwa inazungumzwa kwa sababu ya madini ya kinywe, na wenzetu wengine watakwenda fildi huko likizo hii. Nendeni. Lakini mkipita vijijini, kaeni na wazee pia. Andikeni jina la mmea kwa Kimwera, mahali unapoota, unatumikaje, na jina la aliyewaonyesha, akiridhia. Hilo la mwisho Kirk hakulifanya. Na mswaki, tafadhali, wekeni kwenye mfuko wa peke yake.